Mbegu Kwenye Sanduku la Samaki

Katubuka nzima, hapo Kigoma mjini, ilijua kwamba ukitaka mche wa mchikichi usiokufa, unakwenda kwa Castory. Mbegu ya mchikichi ni kaidi. Ukiifukia tu itakaa ardhini hata mwaka, inakutazama. Lazima ipate joto kwanza, na joto hilo si kila mtu analiweza. Castory aliliweza. Nyuma ya jiko alichimba shimo, akalijaza makapi ya mawese yaliyochacha mpaka yakatoa mvuke, akazika mbegu humo ndani ya gunia, na kila asubuhi alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko kupima. Kipimajoto hakuwa nacho. Alikuwa na mkono.

Kwa hiyo nesi wa Kizungu alipotafuta mtu wa kumwoteshea mbegu za kwao, alipelekwa kwa Castory moja kwa moja.

Mwaka ule Warundi walikuwa wanakimbia vita vya kwao na kuingia kila siku, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu kupitia Manyovu, na nesi huyo, Mama Birgiti, alikuwa miongoni mwa waliokuja kuwatibu. Baba yake alikuwa na shamba la miti ya Krismasi huko kwao. Si hii ya kwetu ya kukata tawi lolote na kulivisha pamba. Mti wenyewe hasa, wa kijani mwaka mzima, wenye majani kama sindano butu, mpana chini na mwembamba juu. Watu wa kule waliupanda mbele ya nyumba kwa urembo tu, hautoi tunda wala kivuli cha maana. Mama Birgiti alitaka kuacha michache mbele ya zahanati kabla hajaondoka.

"Ila imezoea baridi," alisema, akimpa Castory kifuko cha kitambaa.

"Mti ni mti, mama," Castory akamjibu. "Niachie."

Mbegu zilikuwa nyepesi, kila moja na kibawa chake kama cha kumbikumbi, na zilinukia ubani. Castory hakuwa mjinga wa kumaliza mbegu zote kwa mpigo. Alitia nusu katika gunia, akazizika kwenye shimo lake la moto, nusu akaiacha kwenye kifuko juu ya rafu.

Wakati huohuo ndipo Feliksi alipoingia nyumbani kwao.

Alikuja na mke wa Castory, Rozalia. Rozalia alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri alikuwa Kibirizi anagombea migebuka na kuhe mitumbwi inapotia nanga, mchana alikuwa soko la Mwanga, na wasiouzika aliwalaza kwenye barafu katika sanduku lake la bati lililozungushiwa maranda ya mbao, lililokaa kivulini ubavuni mwa nyumba. Siku moja alirudi na mwanaume mrefu aliyebeba viatu mkononi.

"Huyu ni Feliksi," alimwambia mumewe. "Ametoka Mugamba, kule milimani Burundi. Mama yake na mama yangu ni wa kilima kimoja, Manyovu. Ni ndugu yangu."

"Ndugu wa namna gani?"

"Wa namna ya kulala stoo."

Feliksi akatoa mkono, akainama. "Bwakeye, muramu," alisema. Kule kwao muramu ni shemeji. Castory aliupokea mkono. Yeye alikuwa Mfipa wa Karema, baba yake alimleta Kigoma akiwa mdogo, na Kiha, lugha ya mkewe, kwake kilikuwa cha sokoni tu, cha bei na salamu. Kirundi na Kiha ni kama mtu na mdogo wake. Usiku ule Rozalia na mgeni walikaa wanaongea, na Castory alikuwa anadaka neno moja, mengine matano yanampita. Rozalia akacheka. Alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka njia panda, lakini kwa muda mrefu alikuwa anakimalizia sokoni, nyumbani anarudi amechoka. Castory aligundua siku hiyo kwamba alikuwa amekisahau.

Baada ya wiki kadhaa Castory alifukua gunia lake. Feliksi alikuwa anamsaidia kujaza udongo kwenye viriba, akasogea. Castory alifungua gunia, harufu ikatoka kama ya kanisani siku ya sikukuu. Mbegu zilikuwa zimetoa utomvu, zimegandana. Feliksi akaikata moja kwa ukucha. Ndani ilikuwa kahawia.

"Muramu," alisema, "umezipika."

Akacheka. Hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya unyenyekevu, Feliksi. Kwao alikuwa msimamizi wa vitalu vya misonobari na alipenda watu wajue. "Hizi si mise, si mbegu za mchikichi! Rozaliya! Njoo uone, mumeo amekaanga mti wa Krismasi!"

Rozalia akatoka jikoni, akachungulia gunia, na kicheko kile kikamtoka, chote, mpaka akashika ukuta.

Kwa Castory, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuunguza mbegu hakukumuuma. Kila mwotesha miti ameunguza mbegu. Kilichomuuma ni kwamba kicheko kilitoka kwa mkewe, kikampitia yeye, kikatua kwa mwanaume mwingine.

"Sasa zilizobaki utazifanyaje, wewe bingwa?" aliuliza.

"Mbegu hizi zimezaliwa mahali penye theluji," Feliksi alisema. "Zinaanguka, zinafunikwa na baridi miezi, ndipo zinajua kwamba kipupwe kimekwisha, zinaamka. Usipozipa baridi, kwao ni kipupwe hakijaja. Zitangoja mpaka zife. Lazima zilale kwenye baridi yenye unyevu."

"Kigoma hii? Baridi utaitoa wapi?"

Feliksi alimtazama Rozalia, Rozalia akatazama sanduku lake la samaki.

Waliziloweka mbegu, wakazichanganya na mchanga wa ziwani uliooshwa, wakazifunga katika mfuko wa nailoni wenye vitundu na kuzilaza pembeni ya sanduku, zisiguse barafu. Tangu siku hiyo kila alfajiri, kabla ya kwenda Kibirizi, Rozalia na Feliksi waliinama juu ya sanduku. Rozalia anaongeza barafu, mwenzake anageuza mfuko. Sanduku lilikuwa dogo. Watu wawili wakiliinamia, vichwa vinakaribiana. Castory alikuwa anawaona kupitia dirisha la chumbani, amelala, au tuseme amejilaza.

Sokoni wateja walianza kumtania Rozalia kwamba kuhe wake wananukia ubani, kwamba anauza samaki waliobatizwa. Alikuja kusimulia nyumbani, akacheka na Feliksi. Castory alisema, "Watakuhama wateja." Kicheko kikaisha.

Kisha Feliksi akataka udongo. Si udongo wowote, alitaka ule wa chini ya misonobari mikubwa ya misheni, wenye utando mweupe kama wa mkate uliolala. Alisema miche ya jamii hiyo haishiki bila utando ule. Castory alikuwa na mteja wa michikichi, hakuweza kutoka. Rozalia akasema anaijua njia. Walikwenda wawili.

Jirani yao Veneranda, ambaye alikuwa hana kazi kubwa zaidi ya kukaa barazani, alimpigia kelele Castory kutoka ng'ambo ya uzio.

"Baba Diana! Udongo wa Katubuka umekwisha?"

"Kwa nini?"

"Nimeona watu wawili wanapanda kilima na ndoo moja. Nikasema labda wa kwenu una chumvi."

"Veneranda, pika ugali wako."

"Umeshaiva, jirani. Ndiyo maana nina nafasi ya kutazama."

Walirudi jua limepinda. Ndoo ilikuwa imejaa kweli, na udongo ulikuwa na utando kweli. Castory aliuchukua mkononi, akaunusa, akatafuta kasoro. Hakuiona, na hilo nalo likamchoma.

Asubuhi moja alisikia Rozalia anamwita. Si yeye. Anamwita Feliksi. Alichungulia. Mfuko ulikuwa wazi, Feliksi ameweka mbegu moja katikati ya kiganja cha Rozalia, na kwa ncha ya kidole anamwonyesha kitu. Mbegu ilikuwa imepasuka, imetoa mzizi mweupe mdogo kama jino la mtoto. Rozalia hakucheka safari hii. Alitazama kiganja chake, na uso wake ulikuwa uso ambao Castory aliuona mara ya mwisho Diana wao alipozaliwa. Diana sasa alikuwa ameolewa Uvinza.

Miaka yote hiyo Castory alikuwa ameotesha michikichi mingapi? Hakuna hata siku moja alipomwita mkewe kuja kuona mbegu inapasuka. Angeweza kuliona hilo kama kosa lake. Hakuliona hivyo. Aliona kiganja na kidole.

Walizipanda mbegu kwenye kitalu chenye kivuli cha makuti. Zikatoka ardhini zimevaa maganda yake kama kofia, kofia zikaanguka, na kila mche ukafungua nyota ya majani ya kijani, ndogo, usingeamini kwamba ni mti. Mama Birgiti alikuja kuiona, akapiga magoti kwenye udongo na gauni lake jeupe.

"Castory," alisema, "umefanya nini hapa! Ni kama nyumbani."

"Ni kazi ya Feliksi," akasema Rozalia haraka, kabla mumewe hajafungua mdomo.

Labda Castory angesema hivyohivyo. Labda. Hakupewa nafasi, na tangu hapo aliamini kwamba angesema.

Tangazo lilikuwa limekwishatoka siku nyingi. Mkimbizi yeyote anayekaa mitaani aende kambini, na aliyemhifadhi atoe taarifa. Kila mtu alikuwa amelisikia. Wajumbe wa nyumba kumi nao walilisikia, kisha wakaendelea kupita njia zao, kwa sababu nusu ya nyumba za Katubuka zilikuwa na ndugu kutoka ng'ambo, na mjumbe mwenyewe pengine alikuwa naye. Mjumbe wa kina Castory alikuwa Mzee Haruna, mtu wa Ujiji, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na maneno machache. Castory alimngoja alipotoka kuswali adhuhuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Castory. Michikichi haijambo?"

"Haijambo. Mzee, kwangu kuna mgeni."

Mzee Haruna alivaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, bila haraka.

"Mgeni wako nimemwona mara nyingi," alisema. "Kanisalimia vizuri. Sasa wewe unataka nimjue, au nisimjue?"

"Umjue."

"Amekuibia?"

Castory alitazama viatu vya mzee.

"Amemgusa mtu?"

"Mzee, tangazo linasema nitoe taarifa. Nimetoa."

"Umetoa," alisema mzee. "Nenda basi. Ila neno hili ukishalipeleka kwangu halirudi kwako."

Lori lilikuja alfajiri. Mgambo walikuwa na haraka, wana nyumba nyingine za kupitia. Rozalia alikuwa bado hajatoka kwenda Kibirizi. Alilia? Hapana. Aligomba. Alisimama mbele ya mgambo na kanga kiunoni, akawaambia mtu haondoki bila miche yake, na kama wana haraka waanze kubeba. Mgambo mmoja, kijana wa Bangwe ambaye mama yake alikuwa mteja wake wa migebuka, akainama akabeba.

Feliksi aligawa miche mwenyewe, nusu yake, nusu ya Castory. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama mtu anayegawa chakula.

"Kivuli, muramu," alisema. "Na maji kidogo. Wewe una mkono wa moto. Hii usiipende sana, itakufa."

Akapanda. Rozalia alisimama njiani mpaka vumbi likatulia. Aliporudi ndani alimpita mumewe mlangoni bila kumgusa, na mlango ule ulikuwa mwembamba.

Sasa Castory alikuwa na alichokitaka. Nyumba yake, mke wake, miche yake. Akaihudumia ile miche kama hajawahi kuhudumia kitu. Aliongeza makuti. Aliinyunyizia maji asubuhi na jioni, na mchana joto la Katubuka lilipopanda, akainyunyizia tena, maana aliona huruma. Alitaka Rozalia apite na kusema neno moja, angalau "imependeza." Rozalia alikuwa anapita. Miche ikaanza kulala. Mmoja ukakatika shingoni, karibu na udongo, laini kama umechemshwa, kesho yake jirani yake. Castory aliing'oa iliyooza akaificha chini ya makapi, kama mtoto aliyevunja chungu. Mwisho kitalu kikabaki udongo mtupu wenye utando.

Kule Kasulu kambini, hewa ni nyingine. Usiku watu wanalala na blanketi. Mama Birgiti alikuwa anapanda huko kwa kazi zake, na habari alizoleta ni kwamba miche ya Feliksi imesimama yote, kwamba wamempa eneo la kitalu cha kambi, kwamba ana wanafunzi. Miti ya zahanati akaihesabu kuwa itatoka huko.

Ikawa Castory, kwa mkono wake, amemtoa mtu mahali pa joto ambapo miche ingemfia na kumpeleka mahali pa baridi pa kumpa sifa. Alipolielewa hilo, alicheka peke yake kitaluni, kicheko kibaya.

Kisha Rozalia akaanza biashara ya migebuka mikavu. Alisema kambini kuna soko. Kweli lilikuwepo, wachuuzi wengi wa Mwanga walikuwa wanapanda Kasulu. Alikuwa anaondoka na magunia, analala kwa mama yake mdogo Kasulu mjini, anarudi. Nyumbani alizungumza na mumewe maneno ya lazima, chumvi imekwisha, Diana ametuma salamu. Na kila alipotoka kule aliongeza, bila kumtazama, "Feliksi anakusalimu."

Castory alizibeba salamu hizo hadi kitaluni. Alijitahidi kuzipima. Amezisema kwa sauti gani? Kwa nini amevaa kitenge kile? Veneranda alimwuliza ng'ambo ya uzio kama samaki wa Kasulu ni watamu kuliko wa ziwani, Castory akageuka akaingia ndani. Mara moja alinusa kanga ya mkewe iliyoanikwa. Ilinuka sabuni.

Mwishowe, Rozalia akiwa Kibirizi, Castory alipanda gari akaenda Kasulu mwenyewe.

Alimkuta Feliksi kitaluni, amepungua mwili, sweta imetoboka viwiko. Miche ilikuwa imeongeza ghorofa ya pili ya majani juu ya ile nyota, imekaza. Upepo wa baridi ulikuwa unapita. Castory aliitazama akajikuta anataka kuchuchumaa aiguse. Akajizuia.

"Muramu!" Feliksi aliita. "Karibu kwenye friji la Mungu. Umeiona? Sema ukweli, umewahi kuona miche kama hii?"

"Sijawahi."

"Na yako?"

"Imekufa."

"Maji," alisema Feliksi. "Nilijua. Wewe huwezi kuacha kitu kikakaa."

Castory alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yakampotea yote, likabaki moja.

"Mimi ndiye niliyekwenda kwa mjumbe."

Feliksi aliinama, akang'oa gugu, akalitikisa udongo. "Mgambo aliniambia garini. Yule wa Bangwe."

"Na Rozalia?"

"Mimi sikumwambia."

"Ulimtongoza mke wangu?"

Watu waliokuwa wanajaza viriba pembeni wakapunguza kasi. Feliksi akasimama wima, na kwa mara ya kwanza hakuwa na majivuno usoni.

"Nilimtamkia," alisema. "Mara moja. Siku ya udongo."

"Akakujibu nini?"

"Nilikula kwako, nikalala kwako, nikamtaka mkeo. Hayo ni yangu, nipige kama unataka. Jibu ni la kwake. Kamuulize."

Castory hakumpiga. Alikuwa amekuja na ngumi tayari na sasa hakujua aziweke wapi. Aliteremka Kigoma jioni ileile, amekaa dirishani, na kila kona ya barabara alikuwa na jibu jipya. Alisema hapana. Alisema ngoja. Hakusema kitu, alicheka kile kicheko. Walirudi jua limepinda, na ndoo ilikuwa imejaa, lakini ndoo mtu anaweza kuijaza haraka.

Rozalia alikuwa jikoni anakoroga ugali. Castory alisimama mlangoni.

"Nimetoka Kasulu."

"Najua. Nimeambiwa stendi."

"Mimi ndiye niliyemsema kwa mjumbe."

"Mke wa Mzee Haruna aliniambia siku ileile, kabla lori halijafika Mwanga," alisema Rozalia, mwiko haujasimama. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Umechukua muda."

"Amesema alikutamkia."

"Alinitamkia."

"Ukamjibu nini, Rozalia?"

Hapo mwiko ukasimama. Rozalia alimgeukia, jasho usoni, akamtazama kwa muda, sawasawa, kama anavyomtazama samaki kabla ya kusema bei.

"Ungeniuliza siku ile ya udongo," alisema, "ningekuambia ndoo ikiwa bado kichwani. Ungeniuliza usiku wake, ningekuambia kitandani, na pengine tungecheka. Wewe hukuniuliza mimi. Ulikwenda kuuliza serikali. Basi jibu nililompa ni langu. Nitakupikia, nitalala humu, mwanangu atakuja atatukuta wote. Lakini hilo hutalipata."

"Mama Diana..."

"Nawa mikono."

Alipakua ugali, akaweka kuhe mbele yake, kipande cha tumbo, anachokipenda. Wakala pamoja. Castory alikuwa anamtazama kila alipoinua tonge. Rozalia alikula vizuri, bila haraka, na alipomaliza alilamba vidole.